Kitita cha bima: Nani akae mezani?

Mama mmoja alinijia kliniki na kadi yake ya bima mkononi. Dirisha la dawa lilikuwa limemwambia kwamba dawa niliyomwandikia ya shinikizo la damu haimo kwenye kitita. “Daktari, ni nani waliokaa wakaamua hivyo?” aliniuliza. Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Swali lake linatuhusu sote. Machi 1, 2024, hospitali kadhaa binafsi zilisitisha huduma kwa wanachama wa NHIF kutokana na mvutano kuhusu kitita kipya cha mafao na bei zake. Mfuko na watoa huduma walibishana, mgonjwa akabaki katikati. Miezi michache kabla ya hapo, Novemba 2023, Bunge lilikuwa limepitisha muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Kwa hiyo swali la nini kiingie kwenye kitita na nini kibaki nje litaendelea kurudi.

Mara nyingi wananchi huulizwa maoni kwa dodoso au mkutano wa hadhara. Tatizo ni kwamba ukimuuliza mtu anataka nini kwenye bima, atataja kila kitu. Hakosei, ila jibu hilo halimsaidii mpangaji mwenye fedha kidogo.

Ipo njia nyingine, nayo ni mchezo. Nchini Marekani, madaktari Susan Goold na Marion Danis walibuni mchezo uitwao CHAT. Wachezaji huzunguka ubao wa duara uliogawanywa kwa aina za huduma: dawa, vipimo, kulazwa, meno na nyinginezo. Kila mmoja hupewa kete chache kuliko gharama ya huduma zote. Ukiongeza kwenye upasuaji, utapunguza kwingine.

Kwanza kila mtu hupanga peke yake, kisha na kikundi kidogo, halafu kundi zima hutafuta mpango mmoja. Katikati ya mchezo, kila mchezaji huangukiwa na ugonjwa kwa bahati nasibu, na hapo huona kama kitita alichopanga kinamfaa. Mwishoni hupanga tena peke yake. India ilirekebisha mchezo huo kwa watu wa kipato cha chini, wakiwamo wasiojua kusoma, ili washiriki kupanga bima zao.

Kwa macho ya daktari, faida kubwa iko kwenye mabishano yanayozuka mezani. Fikiria meza moja yenye dereva wa bodaboda, mjamzito, mzee mwenye kisukari, muuguzi na ofisa wa bima. Mzee ataeleza kwa nini dawa ya kila mwezi ni muhimu kwake kuliko kitanda cha hospitali. Ofisa ataeleza kinachotokea mfuko ukikauka. Kila mmoja ataondoka na jambo ambalo hakulijua, na mpangaji atapata sababu ambazo dodoso halizitoi.

Lakini tusijidanganye. Mchezo hauongezi hata shilingi moja kwenye mfuko. Mkubwa akiketi mezani, wengine wanaweza kunyamaza, hivyo anahitajika mwongozaji asiyeegemea upande. Gharama zilizo kwenye ubao nazo lazima zikaribie gharama halisi. Zaidi ya yote, matokeo yakiishia kabatini tutakuwa tumewapotezea watu muda, na safari nyingine hawatakuja.

Mwalimu Nyerere alitufundisha kwamba kupanga ni kuchagua. Kitita kinapopitiwa upya, wanaokitumia waketi mezani na kete mkononi kabla ya bei kutangazwa. Huenda dawa ya yule mama bado ikakosa nafasi. Lakini akiniuliza tena ni nani walioamua, nitaweza kumwambia kwamba watu kama yeye walikuwapo, na sababu zao ni hizi.