Beni–Bunia: nusu saa kwa ndege, lakini ni wangapi wanaoweza kuipanda?

Kutoka uwanja wa ndege wa Mavivi, karibu na mji wa Beni, hadi uwanja wa Bunia, ni kilometa karibu 140 kwa mstari ulionyooka. Ndege ndogo inazimaliza kwa nusu saa hivi. Kwa barabara, kupitia Oicha, Eringeti, Luna na Komanda, ni kilometa karibu 200. Barabara ingekuwa nzuri na yenye usalama, mtu angetoka Beni asubuhi, afanye shuguli zake Bunia, na alale huko bila wasiwasi.

Lakini kila mkaaji wa Beni na wa Irumu anajua kwamba safari hiyo haihesabiwi tena kwa kilometa. Katika mwezi wa tisa 2021, hata msafara wa magari uliosindikizwa na askari jeshi ulishambuliwa kwenye barabara hiyo. Usiku wa kuamkia tarehe 27 mwezi wa saba 2025, waasi wa ADF waliua watu zaidi ya 40 mjini Komanda, wengi wao wakiwa kanisani kwa sala. Komanda ndipo barabara ya taifa namba 4 inapokutana na ile ya kwenda Bunia. Hakuna gari linaloweza kukwepa pale.

Ndiyo sababu mwenye feza anapanda ndege. Hatumlaumu. Lakini mama anayeuza samaki wa ziwa Albert, mkulima mwenye magunia ya mchele, mwanafunzi anayerudi masomoni, hao wataingia katika ndege gani? Ndege ndogo haibebi mzigo wa lori. Bei ya tiketi moja inaweza kumeza faida yote ya mchuuzi. Anabaki na njia mbili: kupita barabarani huku akimuomba Mungu, ao kuacha biashara.

Tunasikia viongozi wakisafiri kwa ndege kati ya miji hii, kisha wakisema kwamba hali inaendelea vizuri. Anayepita juu ya msitu haoni kinachofanyika chini yake. Utawala wa kijeshi ulianza Ituri na Kivu ya kaskazini tarehe 6 mwezi wa tano 2021, na mwisho wa mwaka ule ule jeshi la Uganda likaja kusaidia FARDC. Raia ana haki ya kuuliza: ni lini barabara hii itapitika?

Tunaomba mambo mawili. La kwanza, askari jeshi wawe barabarani kila siku, wala si kufika kisha watu wamekwisha kuuawa. Saa za misafara zijulikane na kuheshimiwa. La pili, serkali iangalie upya Go-Pass. Tangu 2009 msafiri wa ndani analipa kodi hiyo kwa ajili ya viwanja vya ndege, na anayeruka nusu saa hadi Bunia analipa sawa na anayekwenda Kinshasa. Kwa safari fupi kama hii, ipunguzwe.

Ndege ni msaada kwa mgonjwa na kwa mwenye haraka. Haiwezi kuwa jibu la serkali kwa barabara iliyoishinda kulinda. Beni na Bunia ni majirani. Isiwe kwamba ujirani huo ni wa wenye dola peke yao.