TAMKO LA WAZAZI NA WALEZI WA WATOTO WENYE SELIMUNDU KUHUSU UPIMAJI WA VINASABA MIMBA IKIWA CHANGA

Sisi, wazazi na walezi wa watoto wenye selimundu nchini Tanzania, tunatoa tamko hili kwa umma, watoa huduma na serikali.

Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na selimundu. Mama na baba wakiwa wote wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuzaa mtoto mgonjwa. Wabebaji hao kwa kawaida ni wazima kabisa. Wengi wetu tulijua kuwa tumebeba kinasaba hicho pale mtoto alipovimba vidole vya mikono na miguu, akalia usiku kucha.

Kwa hiyo tunatamka kwamba:

1. Wenza wapewe nafasi ya kupima selimundu katika hudhurio la kwanza la kliniki, kabla ya wiki ya 12. Siku hiyo damu hutolewa kupima VVU na kaswende. Kipimo cha selimundu kiambatane na vipimo hivyo. Baba naye afike, kwani majibu ya mama peke yake hayatoshi.

2. Ushauri nasaha utangulie. Wazazi waelezwe kuwa damu yao inaonyesha uwezekano tu. Kujua hali ya mtoto aliye tumboni kunahitaji kuchukua chembe za kondo la nyuma, kati ya wiki ya 11 na 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Na vipimo hivyo vina hatari ndogo ya kuharibu mimba.

3. Uamuzi ni wa mama. Asishurutishwe na mhudumu, mume wala mkwe, na akikataa ahudumiwe kwa heshima ileile. Majibu yawe siri yake. Asilaumiwe wala kuachwa: ugonjwa huu hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili.

4. Majibu yafuatwe na matunzo. Mtoto apimwe mara azaliwapo, aanzishiwe penisilini mapema, apate chanjo na kinga ya malaria, na haidroksiurea anapoihitaji. Kumpima mama na kumnyima mtoto dawa ni kumwongezea hofu.

Tunaiomba serikali iingize kipimo hiki katika huduma za wajawazito bila malipo. Nasi tuko tayari kukaa kliniki na wazazi wapya, waone jinsi watoto wetu wanavyoishi, wanavyosoma na wanavyokua.

Imetolewa na Kamati Tendaji kwa niaba ya wanachama.