Uji wa shule si kazi ya mwalimu peke yake (Sehemu ya 4)

Mama zangu wa Mbwera na delta yote, leo mtanisamehe nikiwa mkali kidogo.

Kila nikigusia chakula cha shuleni najibiwa, "Si elimu bure?" Jamani, kilichofutwa kuanzia Januari 2016 ni ada. Ada, siyo uji. Chakula cha mtoto wa kutwa, sare na madaftari vimebaki kwetu wazazi.

Mtoto anaamka alfajiri, anavuka mto kwa mtumbwi, anakaa darasani hadi mchana hajatia kitu tumboni. Hapo mwalimu afundishe nini? Ubongo unatumia sukari ya kwenye damu. Ikipungua mtoto anasinzia, nyie mnamwita mzembe. Akiwa na minyoo na upungufu wa damu juu yake, ndiyo basi tena.

Hela hakuna, najua. Lakini mpunga tunalima, nazi zipo, samaki wapo. Kibaba cha mchele, nazi mbili, mzigo wa kuni, huo ni mchango. Akina baba wajenge jiko. Na kamati ya shule isome mapato na matumizi mbele ya wazazi, maana mtu asipojua alichotoa kimekwenda wapi, hatoi tena.

Moja nalisema wazi: mtoto ambaye kwao hawajatoa asinyimwe kikombe. Deni ni la mkubwa, njaa ni ya mtoto.

Kikao cha wazazi kikiitwa, nenda mwenyewe. Na mwambie jirani asiye na simu.

Sehemu ya 5: dawa za minyoo.