Kosa Lipimwe Kabla ya Kusahihishwa

Katika mazoezi ya kufundisha tumeliona jambo hili mara nyingi: mwanafunzi mmoja amekosea pembe kwa nyuzi 5, mwenzake kwa nyuzi 50, na wote wawili wametiwa alama ile ile ya wino mwekundu. Mwalimu hakuuliza kosa ni kubwa kiasi gani, wala limeelekea upande gani. Twaona kuwa hapo ndipo somo la jometri linapokufa, na kwa kulieleza twachukua mfano wa mashine moja ndogo ya siku hizi.

Zipo mashine za kukaa mezani, kama LumenPnP itengenezwayo Marekani, ambazo kazi yake ni kuokota vipande vya elektroniki na kuvipanga juu ya bodi iliyokwisha kupakwa rojo ya lehemu. Rezista moja ya aina itumikayo sana ina urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8. Mrija mwembamba hufyonza hewa na kuinyanyua, lakini ni nadra kuishika katikati kabisa, tena mara nyingi huwa imepinda. Mashine haiitupi. Huipeleka juu ya kamera itazamayo juu, na programu hupima mambo matatu: imepinda nyuzi ngapi, imeachana na mrija kiasi gani kulia au kushoto, na kiasi gani mbele au nyuma. Kamera ya pili, itazamayo chini, hutafuta alama maalumu kwenye bodi ili ijulikane bodi yenyewe imelalaje.

Wenzetu wengine watasema mashine hiyo si ya Bariadi, ya nini kumsumbua mtoto? Lakini mtoto wa mkulima wa pamba katika mkoa huu wa Simiyu anaijua mizani. Mshale ukianzia kilo 2 nyuma ya sifuri, kila mzigo wa baba yake utasomwa pungufu kwa kilo 2. Kosa hilo likipimwa, hujumlishwa katika hesabu na haki hupatikana. Lisipopimwa, hubaki manung'uniko tu.

Basi, ndugu mwanachuo, kata manila yenye urefu wa sentimita 16 na upana wa sentimita 8, yaani rezista ile iliyokuzwa mara 100. Pata kitovu chake kwa kuunganisha pembe zikabilianazo. Itoboe kwa mwiba wa mgunga, sentimita 2 kutoka kitovuni. Mwiba ndio mrija. Kwenye karatasi kubwa chora mahali kadi itakiwapo kukaa. Wanafunzi wapime kupinda kwake, waizungushe kwenye mwiba, kisha wapime umbali na kuisogeza pasipo kuizungusha tena.

Wengi watapima umbali kwanza, ndipo waizungushe, nao watashangaa kuona kadi imekosa mahali pake. Usiwahi kuwaambia sababu. Kadi huzunguka mwiba, haizunguki kitovu chake. Ikizungushwa nyuzi 60, kitovu huhama sentimita 2 kamili, kwa kuwa mwiba, kitovu cha kwanza na kitovu cha pili hufanya pembetatu yenye pande sawa. Mashine nayo ni lazima ikuhesabu kuhama huko, la sivyo rezista itatua kando. Mwanafunzi aliyeligundua hilo kwa mkono wake hatayaona tena majira nukta kuwa ni herufi mbili za kukariri. Daftarini na aandike, "Nimekosa kwa sentimita 2 kulia," nawe usahihishe maneno hayo, si alama.

Zana hii ijaribiwe jioni kabla ya kipindi. Sisi tulipoijaribu, tundu la manila lilipanuka baada ya mizunguko michache na vipimo vyote vikaharibika, mpaka tulipobandika kipande cha pili cha kadi chini ya tundu.