Pamba yetu, bei yao: Afrika ina kiti, nguvu bado

MKULIMA wa Maswa au Kishapu anapofikisha pamba yake kwenye chama cha msingi, bei anayoikuta haikutoka kwa karani wa mizani. Inafuata bei ya pamba nyuzi katika soko la dunia, soko ambalo kwa miaka mingi limevurugwa na ruzuku za nchi tajiri.

Ruzuku huumiza hivi: mkulima aliyehakikishiwa kipato na serikali yake halazimiki kupunguza ekari bei inapoanguka. Anaendelea kuzalisha, pamba inafurika sokoni na bei inazidi kushuka. Anayeumia ni yule asiye na wa kumfidia.

Mwaka 2003 Benin, Burkina Faso, Chad na Mali zilipeleka kilio hicho katika Shirika la Biashara Duniani (WTO). Wakati huo Marekani ilikuwa na wakulima wa pamba wapatao 25,000 tu, lakini ruzuku zao zilikuwa zimefikia mabilioni ya dola kwa mwaka. Mkutano wa Cancun, Mexico, ulivunjika bila makubaliano. Huko Hong Kong mwaka 2005, nchi tajiri zilikubali kufuta ruzuku za kuuza pamba nje, na mkutano wa Nairobi wa mwaka 2015 ukaamua hivyo pia kwa mazao mengine. Hata hivyo, ruzuku iliyo kubwa zaidi, ile anayopewa mkulima ndani ya nchi yake, haijafutwa hadi leo.

Tuitazame Brazil. Ilifungua kesi dhidi ya Marekani mwaka 2002 kuhusu ruzuku hizo hizo, ikashinda, na rufaa ya Marekani ikagonga mwamba mwaka 2005. Marekani ilipozembea kutekeleza hukumu, Brazil iliruhusiwa mwaka 2009 kulipiza kisasi, ikiwa ni pamoja na kupandisha ushuru wa bidhaa za Marekani. Hapo ndipo mazungumzo yalipokolea, na mwaka 2014 shauri lilimalizwa kwa Marekani kuwalipa wakulima wa pamba wa Brazil Dola milioni 300, kupitia taasisi yao.

Hoja ya Benin haikuwa dhaifu kuliko ya Brazil. Lakini Benin ingemtisha nani kwa ushuru? Soko lake ni dogo mno.

Sisi Afrika Mashariki nasi tulilionja hilo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya waliazimia kuondoa mitumba hatua kwa hatua ili kufufua viwanda vya nguo. Marekani ilipotishia kuzifungia nchi hizo mlango wa AGOA, Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma. Rwanda ilishikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mfanyabiashara wa mitumba alipumua, lakini uamuzi wa mwisho haukuwa wetu.

Mwaka 2023 Umoja wa Afrika ulipewa kiti cha kudumu katika kundi la G20. Ni heshima, na tuipokee. Lakini mezani anasikilizwa zaidi mwenye soko ambalo wengine wanaogopa kulikosa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndiyo maana Eneo Huru la Biashara la Afrika, ambalo biashara yake ilizinduliwa Januari 2021, si jambo la wanadiplomasia peke yao. Mwenye duka la vitenge aulize cheti cha uasili wa bidhaa kinapatikanaje, na ni ushuru gani umeondolewa. Chama cha ushirika kiulize kwa nini pamba yetu nyingi inaondoka ikiwa marobota, kisha inarudi ikiwa nguo. Afrika inayonunuliana yenyewe ndiyo itakayosikilizwa, na hapo mkulima wa Maswa atakuwa na mtu wa kumsemea mwenye kitu mkononi.