Ajali ya Pili Ina Kinga: Mashabiki Wamwache Mshika Bendera Afanye Kazi Yake

Kila msimu wa motokrosi una staa wake wa klipu. Jina lake halina haja, watu wa viwanjani wanamjua. Pikipiki mpya, helmeti inang'aa balaa, wafuasi kibao Instagram, na kila Jumatatu lazima kishuke kipande cha sekunde 15 jamaa akiwa hewani, miguu nje, vumbi jekundu nyuma yake. Mashabiki wanamwaga emoji za moto, wengine wanamtag mdhamini. Hakuna anayeangalia pembeni ya hiyo klipu, pale alipo mtu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa anayepeperusha kitambaa cha njano kwa nguvu zake zote.

Kile kitambaa kinasema kitu kimoja: hapa usiruke. Na staa ameruka. Yaani kinachoshangiliwa na watu elfu kadhaa mtandaoni ni kosa, tena kosa la hatari kuliko yote kwenye mchezo huu.

Kwa wasioujua mchezo vizuri, maelezo ni mafupi. Njia ya motokrosi ni udongo mtupu wenye kona kali na matuta makubwa ya kurukia. Anayekuja nyuma, akifika chini ya tuta, haoni kilichopo upande wa pili. Anaona udongo na anga, basi. Mwenzake akiwa ameanguka pale pa kutulia, pikipiki imemlalia mguu, anayekuja hana habari. Na akisharuka ndio imetoka hiyo: hewani breki haishiki kitu, usukani haukupeleki popote. Pikipiki na mtu wake zitashuka palepale zilipokuwa zinaelekea.

Ndiyo maana kuna mshika bendera. Ile bendera ndiyo macho ya dereva upande asiouona. Ya njano ikiwa imeshikwa tu bila kupeperushwa, maana yake kuna hatari, nenda kwa tahadhari. Ikipeperushwa, hatari iko hapohapo: achia mafuta, jiandae kusimama, usimpite mtu, na tuta lipande na kulishuka magurudumu yakiwa chini. Nyeupe yenye msalaba mwekundu inamaanisha watu wa huduma ya kwanza wako njiani wamepiga magoti juu ya majeruhi. Ya bluu anaonyeshwa anayekaribia kuzungukwa na wanaoongoza, awape nafasi. Nyekundu, mbio zimesimamishwa, wote polepole. Haya yote madereva wanaambiwa kwenye mkutano wa asubuhi kabla injini hazijawashwa. Hakuna anayeweza kusema alikuwa hajui.

Waswahili husema ajali haina kinga, na kwenye motokrosi msemo huu unapendwa mno. Mtu akivunjika mfupa wa bega, "ajali haina kinga". Akitolewa kwa machela, "ndio mchezo wenyewe, bro". Sawa, kwa ajali ya kwanza msemo una ukweli wake. Gurudumu la mbele likizama kwenye mfereji wa udongo, hata bingwa wa dunia anakwenda chini. Hilo kila aliyevaa helmeti amelikubali.

Lakini ajali ya pili ina kinga. Ajali ya pili ni ile ya anayekuja nyuma kumtua aliyeanguka. Pikipiki ya mbio ya kilo mia na kitu, na mtu juu yake, zikishuka kutoka hewani kwenye mgongo wa binadamu aliyelala. Kinga yake ipo, ni kile kitambaa cha njano, na kinafanya kazi kwa sharti moja tu: kwamba wote wanakitii.

Mifano kutoka michezo ya jirani inauma. Mwaka 2011, mbio za pikipiki za MotoGP pale Sepang, Malaysia, kijana wa Kiitaliano mwenye miaka 24 aliteleza kwenye kona. Kuteleza kule pengine angeinuka. Pikipiki yake ilimrudisha katikati ya njia, akagongwa na wawili waliokuwa nyuma yake, akafariki. Wale hawakuwa na kosa, mambo yalitokea kwa kufumba na kufumbua na bendera isingewahi. Ila kisa kinaonyesha hatari kubwa inakaa wapi: mara nyingi si pale chini alipoangukia mtu, ni kwa yule anayekuja.

Na pale ambapo bendera iliwahi? Mwaka 2014, Suzuka, Japani, mbio za Formula 1, mvua inanyesha. Gari moja limetoka njiani, trekta limeingia kuliondoa, bendera mbili za njano zinapeperushwa. Dereva Mfaransa wa miaka 25 akapoteza udhibiti hapohapo na kuligonga lile trekta. Hakuamka tena, akafariki Julai 2015. Jopo lililochunguza lilitaja mambo kadhaa, na mojawapo ni kwamba hakuwa amepunguza mwendo kiasi cha kutosha chini ya zile bendera. Hakuwa mjinga wala mhuni. Alifanya kile ambacho madereva wengi walikuwa wamezoea: kupunguza kidogo, ionekane umepunguza, maana ukipunguza sana mwenzako anakula muda wako. Msimu uliofuata Formula 1 ikaleta utaratibu wa kupunguza mwendo wa magari yote kwa pamoja, hatari inapokuwa njiani. Yaani walikubali kwamba kumwachia kila dereva apime mwenyewe ndani ya mbio hakutoshi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Watu wanadhani anayeruka kwenye njano ni jasiri na anayepunguza ni mwoga. Ukweli ni hesabu tu. Madereva wawili wanaviziana, bendera ya njano inatoka. Mmoja anaachia mafuta kama sheria inavyosema, mwingine anaruka. Yule mtiifu kapoteza sekunde mbili na nafasi yake. Asipoadhibiwa mkosaji, wiki ijayo mtiifu naye ataruka, kwa sababu amefundishwa kwamba utii ni hasara. Baada ya raundi tatu za ubingwa, ile bendera inakuwa pambo. Na siku hiyo atakayelala nyuma ya tuta anaweza kuwa mtoto wa mtu yeyote.

Na hapa neno mtoto si la kupambia hadithi. Kwenye mbio za Afrika Mashariki, iwe Jamhuri Park pale Nairobi au Garuga kule Uganda, madaraja yanaanzia pikipiki za 50cc. Hao ni watoto wa shule ya msingi. Mtoto akianguka hajiinui haraka kama mkubwa. Anachanganyikiwa, analia ndani ya helmeti, anakaa palepale katikati ya njia akimtafuta mama kwa macho. Wenzake wanaokuja nyuma nao ni watoto, macho yao yako kwenye bendera, na mapigo ya tuta wameyajifunza kwa kuwaangalia kaka zao wakubwa. Kaka mkubwa akiruka kwenye njano akapigiwa makofi, mtoto ameshapata somo.

Mawakili wa mastaa wana hoja zao, na si zote za kupuuza. Ya kwanza: "Hakuiona." Hii inawezekana kabisa. Miwani ikijaa tope, vumbi la aliye mbele, jua la saa kumi usoni, na mshika bendera kawekwa mahali ambapo dereva anamwona akiwa tayari yuko hewani. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mtu anakata karibu mita 14 kila sekunde. Bendera ikichelewa sekunde mbili tu, mita 28 zimekwisha. Kwa hiyo ndiyo, bendera lazima ionekane kabla dereva hajaukaribia mgongo wa tuta, na mwenye kuishika lazima aone chini pa kutulia. Kama mtu mmoja hawezi kuona kote kuwili, wawekwe wawili. Ila hoja hii ni kesi dhidi ya waandaaji, haimpi ruhusa staa ambaye kamera ya helmeti yake mwenyewe inaonyesha njano ikipepea wazi mbele yake.

Hoja ya pili ni ile ya "mshika bendera mwenyewe hajui kazi". Hapa napo pana ukweli mchungu. Kwenye mbio ndogo popote duniani, mshika bendera mara nyingi ni mtu wa kujitolea: mzazi, ndugu wa dereva, kijana wa jirani aliyekuja kuangalia tu. Anapewa kizibao, bendera na chupa ya maji, anaoneshwa tuta lake, kwaheri. Hajaambiwa asigeuke kumwangalia anayeongoza. Hajaambiwa aweke simu mfukoni. Hajaambiwa kwamba akiikunja bendera mapema kabla aliyeanguka hajatoka njiani, amemwambia dunia nzima pako salama.

Lakini angalia kazi yenyewe ilivyo. Kutwa nzima juani, na mbio hazioni. Wengine wote uwanjani wanamfuata wa kwanza, yeye macho yake yamebaki kwenye kipande cha udongo cha mita chache, akisubiri kitu anachoomba kisitokee. Kikitokea, ana sekunde moja ya kuamua. Na yuko hatua chache tu kutoka kwenye pikipiki zinazoruka. Hata kwenye Formula 1, penye pesa zote zile, wasimamizi wa pembeni wa kujitolea wamekufa kazini: mmoja Monza mwaka 2000, mwingine Melbourne mwaka 2001, wote wawili kwa kupigwa na tairi lililochomoka kwenye gari. Sasa mtu wa namna hii, jioni anafungua simu anakuta anatukanwa kwamba "kamharibia bingwa mbio". Hapo mashabiki wanazingua.

Dawa zipo, na nyingi hazihitaji mamilioni. Saa moja ya mafunzo kabla ya mbio, tena mafunzo ya vitendo: simama hapa, angalia pale, peperusha hivi, usiache mpaka uone hivi. Posho na chakula cha mchana, kivuli, na mtu wa kumpokea zamu, kwa sababu aliyechoka na njaa haoni. Filimbi au redio ya mawasiliano kati ya tuta na tuta. Kama staa analipiwa tairi, mafuta na picha, mdhamini hawezi kushindwa kununua maji ya watu kumi na wawili wanaomlinda.

Halafu adhabu, bila kuangalia sura. Kwenye Supercross ya Marekani, madereva wakubwa wa kugombea ubingwa wameshakatwa pointi kwa kuruka penye bendera ya msalaba mwekundu. Wadhamini walikuwepo, mashabiki walilia, pointi zikaenda. Huku kwetu mambo mara nyingi yanaishia kwenye kuitana pembeni na kucheka, kwa sababu ukimkata pointi staa, watu hawatajaa raundi ijayo. Hesabu hiyo ni ya kijinga. Uwanja unaoua mtu mmoja mbele ya familia yake hautajaa tena kwa muda mrefu sana. Adhabu iwe kubwa kuliko faida ya kuruka: kama kosa limempa nafasi moja, apoteze kadhaa. Akirudia, akae nje raundi nzima, awe nani, awe na wafuasi wangapi.

Na mashabiki nao wana kazi yao, rahisi kuliko zote. Klipu ni pesa siku hizi. Staa anaruka kwenye njano kwa sababu amegundua inalipa kuliko kumaliza wa tatu kwa heshima. Laiki zikikauka, hamu nayo itapungua. Kabla ya kumwaga moto kwenye posti, mtu atazame pembeni mwa picha mara moja tu. Kama pana njano inapepea, kile si kipaji. Ni mtu anayebahatisha kwa maisha ya mwenzake aliyelala upande wa pili.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee. Kwenye motokrosi msemo huu una kasoro moja ndogo: asiyesikia ni yule aliye hewani, na guu linalovunjika ni la yule aliye chini.