Programu Isitumwe Mikono Mitupu

Wahenga walinena kwamba majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu huyo nimeshampakata, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Muhula uliopita niliandika programu ya kuwafunza watoto kujumlisha na kutoa. Niliiandika kwa C, lugha iliyobuniwa na Dennis Ritchie kule Bell Labs, Marekani, mapema miaka ya 1970. Michoro niliifanya kwa maktaba iitwayo SDL2. Kwenye kompyuta yangu ilienda kama maji. Nikainakili kwenye flashi, mbio hadi shule ya msingi anakosoma mdogo wangu. Mwalimu akawakusanya watoto, akabonyeza. Lo! Kioo kikasema SDL2.dll haipo. Intaneti nayo hakuna. Watoto wakarudi ubaoni, nami nikarudi nyumbani kichwa chini.

Kosa lilikuwa wapi? Programu ya C inapogeuzwa kuwa lugha ya mashine, si kila kitu huingia katika faili moja. Kazi nyingi huachiwa maktaba za pamoja, ambazo huitwa programu inapoanza. Kwenye Windows majina yake huishia na .dll, kwenye Linux .so. Mashine yangu ilikuwa nayo, yao haikuwa nayo. Ni kama kumpelekea mtu unga ukidhani sufuria iko kwake.

Maoni yangu ni haya: anayegawa programu ndiye wa kuifungia safari, si anayeipokea. Tena si kazi ngumu, jameni! Kwenye Windows, weka ile .dll katika folda moja na programu, nayo itapatikana. Kwenye Linux folda hiyo haitazamwi hivi hivi. Ni lazima uielekeze programu kwa $ORIGIN unapoiunganisha. Amri ya ldd itakuorodheshea maktaba zinazohitajika. Lakini usibebe kila kitu. Maktaba ya msingi, glibc, iachie mashine yenyewe, na uitengeneze programu kwenye Linux ya zamani kidogo, kwani iliyotengenezwa kwa glibc mpya huenda ikagoma kwenye ya zamani.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema mwaka wa 2014, kasoro ya Heartbleed ilipogunduliwa katika OpenSSL, mashine yenye maktaba moja ya pamoja ilirekebishwa mara moja na programu zake zote zikapona, lakini zilizobeba nakala zao zilibidi zitibiwe moja moja. Hoja hiyo ni ya kweli, siikatai. Ila inamdai anayebeba akumbuke kuleta nakala mpya. Haimruhusu kumtumia programu mikono mitupu mtoto asiye na intaneti.

Juma lililofuata nilifunga folda nzima, nikaijaribu kwanza kwenye kompyuta ya jirani ambayo haijawahi kuona C. Ikafunguka. Ndipo nikarudi kwa wale watoto. Mwalimu alibonyeza kwa shaka, namba zikaruka kwenye kioo, na darasa zima likapiga kelele.

Basi wenzangu, programu yako ikikubali kwako usishangilie. Ijaribu ugenini kwanza. Tahadhari kabla ya hatari.